Padri Mgeni na Chuo Chake: Maswali Kuhusu Edward Sorin

Jina la Padri Edward Sorin halisikiki sana Afrika Mashariki, lakini chuo alichokianzisha, Notre Dame cha jimbo la Indiana nchini Marekani, wengi wanakifahamu. Maelezo haya yameandaliwa kwa ajili ya wazazi, wanafunzi, waumini na yeyote anayejiuliza mtoto wa kijijini Ufaransa aliwezaje kuwa mkuu wa chuo ugenini, kwa vibali gani na kwa fedha za nani. Neno la kitaalamu likijitokeza, maana yake tumeiweka papo hapo.

Edward Sorin alikuwa nani hasa?

Alizaliwa Februari 6, 1814, huko Ahuillé, karibu na mji wa Laval, magharibi mwa Ufaransa. Alipata daraja la upadri mwaka 1838, akahudumu parokiani kwa muda mfupi, kisha akajiunga na Padri Basil Moreau wa Le Mans, aliyekuwa akiunda Shirika la Msalaba Mtakatifu. Shirika la kitawa ni jumuiya ya watu wanaoweka nadhiri tatu, yaani ufukara, useja na utii, na hiyo ya tatu ndiyo itakayomsumbua Sorin huko mbele.

Notre Dame hii ndiyo ile ya Paris iliyoungua?

Hapana. Ile ya Paris ni kanisa kuu, nalo liliungua Aprili 2019. Tunayoizungumzia hapa ni chuo kikuu kilicho jirani na mji wa South Bend. Anayezichanganya hana lawama, maana chuo nacho kiliungua mwezi wa Aprili, ila ilikuwa mwaka 1879.

Alihamia Marekani kwa hiari yake au alitumwa?

Alitumwa. Askofu wa Vincennes huko Indiana, Célestin de la Hailandière, naye Mfaransa aliyehamia huko, aliomba walimu wa shule za jimbo lake. Moreau akamteua Sorin, kijana wa miaka 27, pamoja na mabruda sita. Bruda ni mtawa wa kiume asiye padri. Walishuka New York Septemba 13, 1841, na Kiingereza cha kuhubiria ilibidi wakijifunze wakiwa hukohuko.

Kwa nini padri asihame tu anavyopenda, kama mhamiaji mwingine yeyote?

Kwa sababu kila padri sharti awe ameandikishwa chini ya askofu wa jimbo fulani au mkuu wa shirika fulani. Uandikishaji huo huitwa inkardinasio, na lengo lake ni kwamba asiwepo padri asiye na wa kumwajibikia. Ilikuwa hivyo enzi za Sorin na ni hivyo leo.

Hapa tuongeze jambo linalowahusu waumini wetu moja kwa moja. Kanuni ya 903 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema padri asiyefahamika aruhusiwe kuadhimisha misa akionyesha barua ya utambulisho iliyotolewa na mkubwa wake ndani ya mwaka mmoja, au paroko akiwa na sababu ya busara ya kumwamini. Kwa hiyo anapofika padri mgeni na kuanza kukusanya michango, kuuliza parokiani au ofisi ya jimbo si utovu wa heshima. Barua kama hiyo ipo kwa ajili ya kuulizwa, na padri wa kweli hatachukia.

Ilikuwaje akaenda kujenga kaskazini mwa Indiana, mbali na askofu wake?

Askofu alikuwa tayari na chuo mjini Vincennes, kikiendeshwa na mapadri wa shirika jingine. Sorin alipotaka kufungua chuo chake karibu na Montgomery, kusini mwa Indiana, askofu alikataa, akampa badala yake ekari 524 karibu na mpaka wa Michigan kwa sharti moja: chuo kiwe kimejengwa ndani ya miaka miwili. Sorin na mabruda saba walifunga safari katikati ya Novemba 1842, katika baridi kali, mizigo yao ikikokotwa na maksai. Walifika Novemba 26. Maziwa mawili yaliyopo pale yalikuwa chini ya barafu na theluji, na wao wakayaona kama ziwa moja. Ndiyo maana jina kamili la chuo ni Notre Dame du Lac, Mama Yetu wa Ziwa, bila wingi.

Tunasikia kwamba aliwapora wenyeji ardhi. Ni kweli?

Swali hili ni halali, na jibu lake halitoshi kwa neno moja. Sorin hakumfukuza mtu. Ekari zile zilikuwa zimenunuliwa miaka ya 1830 na Padri Stephen Badin, mhamiaji mwingine wa Kifaransa na padri wa kwanza kupewa daraja hilo ndani ya Marekani, mwaka 1793, naye akazikabidhi kwa jimbo la Vincennes kwa ajili ya kazi za elimu na huruma. Badin alikuwa amefika huko baada ya Leopold Pokagon, chifu wa Wapotawatomi, kwenda mwenyewe hadi Detroit mwaka 1830 kuwaombea watu wake padri.

Lakini eneo zima lilikuwa nchi ya Wapotawatomi kabla serikali haijaichukua kwa mikataba na kwa nguvu. Mwaka 1838, miaka minne tu kabla Sorin hajafika, zaidi ya watu 800 wa kabila hilo waliswagwa na askari kutoka Indiana hadi Kansas, na zaidi ya 40 walikufa njiani, wengi wao watoto. Padri kijana, Benjamin Petit, aliongozana nao; akaugua, akafa mjini St. Louis Februari 1839 akiwa njiani kurudi. Baadaye Sorin alileta mabaki yake yazikwe Notre Dame. Watu wa Pokagon walifanikiwa kubaki kusini magharibi mwa Michigan, na mapadri wa Sorin waliwahudumia. Hati ya ardhi, kwa hiyo, ilikuwa halali kwa sheria ya wakati ule. Kama sheria yenyewe iliwatendea haki wenyeji ni swali jingine, na sisi hatuoni namna ya kulijibu ndiyo.

Nani alimpa ruhusa ya kutoa shahada?

Bunge la Indiana. Januari 15, 1844 lilipitisha sheria ya kukipa chuo hati idhini, yaani waraka wa dola unaoitambua taasisi kuwa na uwezo kisheria wa kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa, na kutunuku shahada. Kanisa halikuwa na uwezo wa kumpa kibali hicho, wala Sorin hakujifanya kana kwamba linao.

Inafaa kujua pia ni nani aliyemshauri. John Defrees, mwanasiasa wa South Bend aliyekuwa katika seneti ya Indiana, ndiye aliyemsukuma Sorin aombe hati hiyo na kumsaidia kuipata, naye alikuwa Mmethodisti. Sorin alikuwa na majengo machache na wanafunzi wa kuhesabika. Kiitwacho chuo kikuu kwenye karatasi, kwa macho kilikuwa shule ya bweni yenye shamba. Shahada ya kwanza ilitolewa mwaka 1849.

Nitajuaje kama chuo anachotaka kusoma mwanangu kina ruhusa kama hiyo?

Uliza mamlaka husika kabla ya kulipa ada. Tanzania ni Tume ya Vyuo Vikuu, Kenya ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na Uganda ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Jina la mtakatifu langoni au picha ya askofu ofisini si kibali, na kozi mojamoja nazo huidhinishwa peke yake, kwa hiyo usiishie kuuliza chuo tu.

Chuo kilikuwa cha Wakatoliki peke yao?

Hapana. Vijana wa madhehebu mengine walipokelewa tangu mwanzo. Waliofungiwa mlango kwa muda mrefu ni wasichana, ambao hawakudahiliwa kwa shahada ya kwanza hadi mwaka 1972.

Fedha alizitoa wapi? Wengine husema Papa alimjengea.

Roma haikumjengea chuo. Sehemu ya msaada ilitoka kwa Chama cha Uenezaji wa Imani, ambacho makao yake yalikuwa Lyon, Ufaransa, na ambacho kilikusanya vijisenti vya waumini wa kawaida kwa ajili ya misioni. Iliyobaki ilitokana na ada, mazao ya shamba, karakana za mabruda, matofali ya udongo wa kandokando ya maziwa, na mikopo; mikopo mingi. Mzazi asiye na fedha taslimu angeweza kulipa kwa mifugo au bidhaa.

Na ile habari ya dhahabu ya California?

Ina chembe ya ukweli. Mwaka 1850, madeni yalipomkaba, Sorin alituma kikundi kidogo wakiwemo mabruda wake kwenda kutafuta dhahabu California. Hawakuipata ya maana, na bruda mmoja alifia huko. Wakubwa wake walipolijua jambo hilo hawakufurahi, nasi hatuwezi kulitetea: mtu anayesimamia taasisi hana ruhusa ya kuziweka rehani roho za watu wengine kwa sababu ya deni.

Aliendelea kuwa Mfaransa hadi kufa?

Kwa asili ndiyo, kwa uraia hapana. Alichukua uraia wa tajnisi, yaani ule ambao mgeni anapewa na nchi nyingine baada ya kutimiza masharti yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1802 ilidai mwombaji awe ameishi nchini miaka 5, awe ametangaza nia yake mapema mbele ya mahakama, na aape kuukana utii kwa mtawala wa kwao. Tusisahau kwamba mlango huo ulikuwa wazi kwa Wazungu walio huru tu. Watu wenye asili ya Afrika waliruhusiwa kuomba kuanzia mwaka 1870. Sorin, kwa maneno mengine, alikuwa mhamiaji wa kundi lililopendelewa, ingawa Wakatoliki nao walikuwa na watu wengi waliowachukia katika miaka ile.

Ni kweli kwamba padri huyu alikuwa pia mkuu wa posta?

Kweli kabisa. Mwaka 1851 chuo kilipewa ofisi yake ya posta, na Sorin akateuliwa kuiongoza. Mwanasiasa mashuhuri Henry Clay alisaidia ombi hilo likubaliwe. Faida haikuwa barua peke yake. Penye posta magari ya abiria yalisimama, barabara ikatunzwa, na jina la mahali likaingia kwenye ramani. Sisi tunaona hapo ndipo kipaji chake cha usimamizi kinapoonekana vizuri kuliko hata kwenye majengo: aliijua serikali ya ugenini ina nini cha kutoa, na akajua nani wa kumwomba.

Mwaka 1854 watu walikufa chuoni. Ilikuwa laana, kama wengine walivyodhani?

Yalikuwa maradhi. Kiangazi kile malaria, homa ya matumbo na kipindupindu vilitajwa vyote, na karibu watu 20 wa jumuiya ya watawa walipoteza maisha, pigo kubwa kwa kundi dogo kama lile. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mbu hueneza malaria. Waliamini kwamba hewa mbaya ya kinamasi ndiyo yenye sumu, na kwa njia hiyo ya makosa wakafika mahali sahihi.

Kati ya maziwa yale mawili palikuwa na kinamasi, na maji yake yalishindwa kutoka kwa sababu ya lambo lililojengwa na jirani kwenye ardhi yake. Sorin alitaka kulinunua eneo lile ili aondoe maji. Bei ilijadiliwa, jirani akakubali, halafu siku ya kutia sahihi akageuka na kuondoka mjini. Sorin hakungoja. Alichagua wanaume wenye nguvu, akawatuma wakalibomoe lambo. Jirani aliporudi alikuta maji yanakwenda zake, akauza.

Hatumshauri mtu afanye vile. Kubomoa mali ya jirani ni kosa, na leo njia ni kumwita afisa wa afya, ambaye ana mamlaka ya kuamuru maji yanayohatarisha watu yaondolewe. Ila hatuwezi kuficha kwamba baada ya kinamasi kukauka afya ya chuo ilitengemaa.

Alikuwa mtiifu kwa wakubwa wake, kama nadhiri yake ilivyodai?

Si mara zote. Mwaka 1852 Moreau alimteua akaongoze misioni ya Bengali ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Sorin alikataa. Jambo lilikua hadi jumuiya ya Notre Dame ikatangaza kujitenga na makao makuu kwa muda, na mwaka uliofuata tu ndipo alipojirudi na mambo yakasuluhishwa. Wanaompenda husema aliuokoa mradi ambao ungekufa bila yeye. Inawezekana. Lakini mabruda wa chini yake hawakuwa na nafasi ya kukataa amri zake kwa namna hiyohiyo.

Kuna kinaya zaidi: Moreau alijiuzulu mwaka 1866 akiwa katikati ya misukosuko ya madeni na migogoro ya shirika, na mwaka 1868 aliyechaguliwa kuwa mkuu wa shirika zima ni Sorin.

Urais wa chuo aliushika hadi lini?

Hadi mwaka 1865. Baada ya hapo marais walikuwa wengine, lakini neno la mwisho katika mambo makubwa lilibaki kwake, kwanza kama mkuu wa kanda na halafu kama mkuu wa shirika.

Aliwapa ndugu zake vyeo?

Mpwa wake, Padri Auguste Lemonnier, alikuwa rais wa chuo kuanzia 1872 hadi alipofariki 1874. Alisifiwa kwa upole wake na kwa kuijenga maktaba, na wanafunzi walimpenda. Hata hivyo, taasisi inapomweka ndugu wa mkubwa kileleni, ni haki ya watu kuuliza utaratibu uliotumika.

Masista walikuwa na sehemu gani?

Kubwa kuliko wanavyopewa. Masista wa Msalaba Mtakatifu walifika kutoka Ufaransa mwaka 1843, wakaanza kwa kupika, kufua na kuhudumia wagonjwa wa chuo, na wakati huohuo wakafungua shule yao ya wasichana, ambayo mwaka 1855 ilihamia jirani na Notre Dame kwa jina la Saint Mary's. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, makumi ya masista hao waliuguza majeruhi, na mapadri kadhaa wa Sorin walikwenda vitani kama mapadri wa jeshi.

Moto wa mwaka 1879 ulianzaje, na nani aliuwasha?

Chanzo hakikuthibitishwa. Kulikuwa na mafundi waliokuwa wakitengeneza paa asubuhi ya Aprili 23, na moto ulionekana juu ya paa kabla ya adhuhuri. Waliomshuku fulani au fulani hawakuwahi kuleta ushahidi. Jengo kuu lilikuwa na mabweni, madarasa, ofisi na maktaba chini ya paa moja, juu yake kuba na sanamu ya Bikira Maria. Wanafunzi walipanga mistari ya kupokezana ndoo, wengine wakirusha vitabu na magodoro madirishani, lakini upepo uliwashinda, na kuba ikaporomoka ndani. Kwa kuwa ilikuwa mchana na watu wako macho, maisha ya wanafunzi yalisalimika. Bima ilifunika sehemu ndogo tu ya hasara.

Sorin, akiwa na miaka 65, alikuwa Montreal akielekea Ulaya. Habari ilipomfikia aligeuza njia. Walioshuhudia wanaeleza kwamba alizunguka magofu, akawaita watu kanisani, akawaambia kosa lake ni kujenga dogo, na sasa litajengwa kubwa zaidi. Padri William Corby, rais wa chuo, aliwaaga wanafunzi akiwaahidi kwamba Septemba watakuta jengo. Msanifu majengo Willoughby Edbrooke wa Chicago alichora, mamia ya vibarua wakafanya kazi kiangazi kizima, na Septemba masomo yakaanza. Kuba mpya ilikamilika baadaye, ikapakwa dhahabu mwaka 1886.

Kwa wakuu wa shule wa leo: milango ya bweni isifungwe kwa kufuli kutoka nje usiku, madirisha yasiwe na nondo zisizofunguka, kazi ya moto au lami juu ya paa iwe na mtu wa kuikagua baada ya mafundi kuondoka, na hati za taasisi ziwe na nakala katika jengo jingine.

Ni yeye aliyeleta mpira wa Kimarekani uliokipa chuo umaarufu?

Hapana. Mchezo wa kwanza, dhidi ya Michigan, ulichezwa Novemba 1887 akiwa hai bado, lakini fahari ile ya viwanjani ni habari ya karne ya 20.

Je, ni mtakatifu?

Kanisa halijamtangaza hivyo. Aliyetangazwa Mwenye Heri, ngazi inayotangulia utakatifu, ni Basil Moreau, mkuu wake ambaye Sorin alimkatalia kwenda Bengali, katika ibada iliyofanyika Le Mans Septemba 2007. Sorin alifariki Oktoba 31, 1893, na kuzikwa hapohapo chuoni.

Shirika lake lina uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo. Wanashirika wa Msalaba Mtakatifu walifika magharibi mwa Uganda mwaka 1958, na mmoja wao, Vincent McCauley, Mmarekani, akawa askofu wa kwanza wa Fort Portal mwaka 1961. McCauley aliongoza katika miaka yake ya mwanzo AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka huohuo wa 1961. Umoja huo ndio ulioanzisha mjini Nairobi, mwaka 1984, taasisi ya elimu ya juu iliyopata hati idhini ya serikali ya Kenya mwaka 1992, nayo ndiyo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Shirika lenyewe lina parokia na shule Uganda, na limefika Kenya na Tanzania pia. Anayetaka kuwafahamu aanzie ofisi ya jimbo lake.